Njozi ya nani? Juu ya picha za sura zinazopikwa kwenye kompyuta



Naomba leo tuzungumze juu ya picha. Sio picha za habari, wala zile za paspoti, bali hizi picha za sura zinazopambwa kwa njozi: mtu anapigwa studio, halafu fundi anakaa na kompyuta siku tatu anamwongezea mabawa, taji, simba aliyelala miguuni na mwezi mkubwa kama sinia. Nyumbani siku hizi zimejaa tele. Bibi harusi wa Tabata anasimama mbele ya ngome yenye theluji. Mtoto aliyemaliza chekechea anaketi juu ya mawingu. Mheshimiwa naye anaomba awekwe kwenye kiti cha enzi. Wasomi wenzangu wengi wakiziona wanaguna, wanasema ushamba huo, basi wanaendelea na mambo yao. Mie naona kuguna hakutoshi. Kitu kinachopendwa na watu wengi kiasi hiki kinastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya na tenzi, yaani kukitazama kwa makini na kusema kipi kizuri, kipi kibovu, na kwa nini.

Kwanza tuiweke kando hoja moja inayotuchelewesha, ile ya kusema kwamba kompyuta ndiyo iliyoleta uongo katika picha. Si kweli. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alionyesha kule Manchester picha moja kubwa aliyoiunganisha kutoka negativu zaidi ya 30. Watu wamepangwa pande mbili, wema upande mmoja na waovu upande wa pili, kama wapo ukumbi mmoja, kumbe kila kundi lilipigwa siku yake. Malkia Victoria alinunua nakala. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akatoa picha ya binti anayekufa kwa ugonjwa wa mapafu, negativu tano zimeshonwa pamoja, na watazamaji wakakasirika. Halafu mwaka 1917 wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley, Elsie wa miaka 16 na Frances wa miaka 9, walichora vibwengo kwenye karatasi, wakavikata, wakavisimamisha majanini kwa pini za kofia, wakapiga picha. Arthur Conan Doyle, yule yule aliyembuni mpelelezi mwerevu kuliko wote, alizichapisha mwaka 1920 akiamini kabisa. Wanawake hao walikuja kusema ukweli mwaka 1983, wakiwa bibi wazee. Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990, na uwezo wa kupanga picha tabaka juu ya tabaka ukaja mwaka 1994. Kwa hiyo kompyuta imerahisisha tu kazi ambayo watu waliifanya kwa mkasi, gundi na chumba cha giza miaka zaidi ya 130 kabla yake.

Na wala tusidhani mkasi huo ulikuwa Ulaya peke yake. Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio mjini Lamu, alikuwa akikata na kuunganisha picha, akiziweka sura za wateja mahali ambapo sura ya binadamu haiwezi kukaa, na wateja walilipa kwa furaha. Pale kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba marefu. Kijana aliyetoka bara kutafuta kazi bandarini anasimama mbele ya ndege ya rangi, mkono mfukoni, miwani ya jua ya kuazima, halafu picha inatumwa kijijini. Je, mama yake alidhani kweli mwanawe amepanda ndege? Sidhani. Nadhani alisoma picha ile kama anavyosoma salamu za kanga. Hakuna anayeuliza kama maneno ya kanga ni taarifa rasmi. Huulizwa anayeivaa anamwambia nani.

Hapo ndipo nataka tusimame. Suala la kama picha ni ya kweli au ya kutunga halina uzito sana katika fani hii. Mie nauliza njozi ni ya nani. Yule kijana wa Likoni alichagua pazia mwenyewe. Alilipa, akajipanga, akasema nipige hivi. Fundi alikuwa mtumishi wa ndoto ya mteja.

Sasa linganisheni na picha nyingine, ambayo wataalamu wa huku Uingereza huitaja kwa heshima kubwa. Julia Margaret Cameron aliishi Freshwater, kisiwa cha Wight, na anahesabiwa miongoni mwa wapiga picha wa kwanza kuifanya sura ya mtu iwe njozi. Aliwavika majirani na watumishi wake kanzu za malaika, akawapiga kwa mwanga hafifu na lenzi isiyokaza, wakatoka kama watu wa ndotoni. Baadaye, miaka ya 1874 na 1875, alitengeneza picha za mashairi ya Tennyson juu ya Mfalme Arthur, watu wazima na mapanga na mavazi ya chuma, kila mmoja kajikaza kweli kweli. Nyingine zinachekesha. Lakini nyingi ni nzuri mno, na mwenye kutaka kujua kwa nini picha za njozi za leo zina ukungu wa kijivu na nywele zilizoachiwa, aanze kwa mama huyu.

Mwezi Julai 1868 aliletewa mtoto wa miaka saba. Jina lake Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros wa Ethiopia. Miezi mitatu kabla, Waingereza walikuwa wameivamia Maqdala, baba akajiua asishikwe, mama akafa njiani. Mtoto akapelekwa Uingereza chini ya ulezi wa Kapteni Speedy, jitu refu lenye ndevu, lililokuwa linajua Kiamhari. Cameron akawapiga picha. Kapteni amevaa mavazi ya Kihabeshi, mkufu na ngozi, anatazama mbali kama shujaa wa hadithi. Mtoto yuko pembeni yake, amepambwa naye. Hakuna kompyuta hapo, hakuna negativu mbili, hakuna kilichobandikwa. Kila kitu kilichomo kilikuwepo mbele ya lenzi. Lakini ni picha ya njozi kuliko bibi harusi wa Tabata na theluji yake, maana mmoja kati ya waliomo hakuchagua kuwa ndani ya ngano hiyo. Ukimtazama usoni utaona. Watu wazima wote katika picha zile wanaigiza, yeye haigizi. Alikufa mwaka 1879, umri miaka 18, akazikwa Windsor, na mwaka 2023 kasri la Buckingham lilikataa tena ombi la kurudisha mifupa yake kwao.

Samahani kama nimewatoa mbali, lakini bila mtoto huyu siwezi kusema ninachotaka kusema juu ya Osborne Macharia.

Wengi mnamjua. Mkenya, alisomea usanifu wa majengo, akajifundisha kamera mwenyewe, baadaye akahamia Kanada. Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018 alipewa kazi ya kuitengenezea picha. Amefanya kazi na kundi: Kevo Abbra kwenye mavazi, Valary Mdeizi kwenye vipodozi, na wengine. Kila mfululizo wa picha zake una ngano fupi inayouandamia, na ngano yenyewe ni ya kutunga. Maarufu zaidi ni Nyanye. (Watanzania wenzangu mnaosikia nyanya mkafikiria kachumbari, tulieni, kwa Wakenya nyanya ni bibi.) Ngano inasema hawa ni mabibi waliokuwa wakubwa serikalini na kwenye makampuni miaka ya 1970, sasa wamestaafu na wanakula raha zao. Unawaona wameketi kama malkia, mvi zimepangwa juu kama minara, miwani mikubwa, vito, vitambaa vya bei, na kila kunjo la uso limechongwa na mwanga.

Ninachokipenda hapa ni kwamba uzee haukufutwa. Nendeni studio yoyote ya mjini mtazame fundi anavyohariri uso wa mama wa miaka 60. Kwanza anapaka ngozi iwe laini kama bakuli la plastiki. Vinyweleo vinaondoka, makunyanzi yanaondoka, alama ya ndui inaondoka, kovu la utotoni ambalo familia nzima inalijua linaondoka. Pili anang'arisha. Hapo ndipo pananichoma. Anayekuja mweusi anatoka maji ya kunde, anayekuja maji ya kunde anatoka mweupe wa kutisha, na hakuna aliyemwomba. Watu wanadhani ni ladha ya fundi tu, lakini ina historia. Filamu za rangi za Kodak zilipimwa kwa miaka mingi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Uso wake ukitoka vizuri, basi mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi ikitoka kama tope, shauri yako. Kahawia zilipoanza kurekebishwa, waliosikilizwa walikuwa wafanyabiashara wa chokoleti na wa samani za mbao waliolalamika bidhaa zao hazionekani. Chokoleti, jamani! Fundi wetu wa leo anafungua programu mpya kabisa lakini mkono wake bado unaifuata ile kadi.

Macharia amekataa hayo. Weusi kwake ni weusi wenye ngazi nyingi, bluu kwenye shavu, shaba kwenye paji, zambarau chini ya kidevu. Hii ni kazi ngumu. Mwenye kujua anajua kwamba anayefanya hivyo hatumii kitufe kimoja cha kung'arisha picha nzima. Anapita uso kidogo kidogo, hapa anatia nuru, pale anatia giza, kama mchongaji wa mlango wa Lamu anavyokwenda na patasi.

Lakini sifa ikizidi nayo ni kasoro. Patasi hiyo hiyo anaitumia kwa kila mtu. Ukizitazama picha kumi za Macharia kwa mpigo, unaanza kuona kwamba nyuso zote zimekaushwa kwa namna moja. Kila kunjo lina makali, kila jicho linawaka, kila uzi wa ndevu unahesabika. Binadamu hana makali namna hiyo kila mahali. Mtu anayekutazama ana sehemu za uso zinazokuja mbele na sehemu zinazojificha, na mpiga picha mzuri anajua kipi akiache kwenye kivuli. Cameron, pamoja na madhambi yake, alijua. Macharia amefanya kazi nyingi za matangazo ya biashara, na matangazo yanataka kila kitu kionekane mara moja, maana mtazamaji anapita na gari. Ukuta wa nyumba ya sanaa haupitwi na gari. Natamani aniachie bibi mmoja tu ambaye nusu ya uso wake sijui inafikiri nini.

Niseme kidogo juu ya ufundi wa kuunganisha, kwa sababu wakosoaji wetu huuruka. Picha ya njozi huvunjika mahali panapojulikana. Miguu, kwa mfano. Mtu aliyepigwa kwenye sakafu ya studio akawekwa jangwani, mguu wake hauzami mchangani, na kivuli chake kimelala upande ambao jua halipo. Ukingo wa nywele, hasa nywele zetu, ambazo programu huzikata kama mtu anayekata ua kwa panga. Na jicho: ndani ya mboni kuna nukta ya mwanga inayosema taa ilikuwa wapi. Jua liko nyuma ya milima lakini mboni ina taa mbili za mraba! Mtazamaji wa kawaida hatakuambia hayo, atakwambia tu "inaonekana kama imebandikwa." Na ana haki. Kirsty Mitchell, Mwingereza aliyeanza mfululizo wake wa Wonderland mwaka 2009 baada ya kufiwa na mama yake, alilitatua jambo hili kwa kulikwepa. Alishona mavazi kwa mkono, akasubiri msimu maua yachanue porini, akampeleka mtu huko huko akampiga. Ilimchukua hadi mwaka 2014. Mwanga uliompiga mtu ndio uliopiga maua, basi hakuna cha kupatanisha. Sio kila mmoja ana miaka mitano, najua. Lakini fundi wa Kariakoo angalau anaweza kuuliza kabla ya kumpiga bibi harusi: hiyo ngome unayoitaka, jua lake linatoka wapi? Nami niiweke taa yangu huko. Swali hilo moja lingeokoa nusu ya albamu za harusi nilizoziona.

Tuendelee na Macharia. Kwa maoni yangu kazi yake nzito zaidi sio Nyanye, ni Magadi. Ngano yake: wanawake waliokuwa ngariba wameweka chini visu vyao, wakageukia mitindo ya mavazi kama njia mpya ya kujipatia riziki. Wamesimama kwenye chumvi nyeupe ya ziwa Magadi, rangi za mavazi yao zinapiga kelele, nyuso zao zimetulia. Sasa fikirini. Kenya ilipitisha sheria ya kupiga marufuku ukeketaji mwaka 2011. Mikutano imefanyika, mabango yamechapishwa, na picha za mabango hayo zote ni moja: msichana analia, wembe una damu. Ngariba haonekani, au anaonekana mkono tu. Macharia amekuja na swali ambalo bango haliulizi. Huyu mama aliyelipwa kwa kisu maisha yake yote, akikiweka chini atakula nini, na atakuwa nani? Njozi hapa haikimbii jambo. Inalifikia mahali ambapo picha ya habari haiwezi kufika, kwa sababu hicho anachokionyesha hakijatokea bado.

Wapo watakaosema: kwa nini asiwapige ngariba halisi walioacha? Hoja ina uzito. Lakini mimi namwunga mkono Macharia. Ngariba halisi akipambwa vile angekuwa amegeuzwa onyesho, na wasichana aliowakata wapo hai, wana simu, wataiona. Mwigizaji anaweza kubeba mzigo ambao si haki kumbebesha mhusika mwenyewe.

Kwenye Mau Mau ndipo ninapoachana naye njia, au angalau napunguza mwendo. Ana mfululizo uitwao Macicio, yaani miwani kwa Kikuyu, wenye ngano ya mafundi wa miwani waliokuwa wakiwatengenezea wapiganaji wa msituni, na mwingine, Kipipiri 4, juu ya wanawake wanne wa Mau Mau na nywele zao za ajabu. Ni picha za kupendeza sana. Na ninaelewa zinajibu nini. Picha ya Dedan Kimathi ambayo dunia inaijua ni ile ya Oktoba 1956, amejeruhiwa, amelala, amefungwa pingu, na serikali ya kikoloni ilihakikisha imesambaa. Miezi minne baadaye, tarehe 18 Februari 1957, akanyongwa. Kabla ya hapo picha na alama za vidole vya Mwafrika zilikuwa ni za kipande na za faili la polisi. Sasa anakuja kijana wa Nairobi anasema: kama hazina yote ya picha ni ya aliyetushinda, mimi nitajitengenezea yangu. Nani atamlaumu? Mie simlaumu kwa kutunga.

Shida ni safari ya picha baada ya kutoka mkononi mwake. Ngano inabaki kwenye tovuti yake, picha inasafiri peke yake. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa huku, baba yake Mkenya, aliiweka mojawapo kwenye insha yake kama ushahidi wa vifaa vya Mau Mau, na alikuwa amevutiwa kwa moyo wake wote. Sasa kumbukeni jambo hili. Wazee wa Mau Mau walipoishitaki serikali ya Uingereza, kilichowasaidia ni makaratasi, yale mafaili yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park na yakakubaliwa kuwepo mwaka 2011. Mwezi Juni 2013 serikali ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Haki ile ilipatikana kwa ushahidi, karatasi kwa karatasi, kovu kwa kovu. Wapo huku watu ambao hadi leo wanasema kambi zile zimetiwa chumvi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kukanusha picha ya kweli. Inamtosha kuonyesha moja ya kutunga na kusema, "Mnaona? Hawa hubuni." Kwa hiyo ngano ya mateso halisi inahitaji alama ndani ya picha yenyewe, sio maelezo ya pembeni yanayodondoka njiani. Iwepo ndani yake kitu ambacho hakiwezekani, tena kwa kiasi cha kumshtua hata mtoto. Miwani ya Macicio inapendeza lakini inawezekana, na huko kuwezekana kwake ndiko kunakonitia wasiwasi. Mchongaji Cyrus Kabiru, naye wa Nairobi, hutengeneza miwani ya ajabu kutoka vyuma chakavu, anaivaa na kujipiga picha. Yeye hadai kitu juu ya mwaka 1953. Kitu kipo, kakitengeneza, kakivaa, basi.

Mwaka 2023 mambo yaligeuka tena. Mwezi Januari, Malik Afegbua wa Nigeria alisambaza picha za wazee wa Kiafrika wakipita jukwaani kwenye onyesho la mitindo, mabibi na mababu wa fahari, mavazi ya kutetemesha. Dunia nzima ilizipokea, na wengi waliziamini. Onyesho halikuwepo. Wala wazee hawakuwepo. Picha zote zilitengenezwa na mashine inayopewa maneno ikatoa sura. Mwezi Aprili mwaka huo huo Mjerumani Boris Eldagsen alikataa tuzo ya picha ya Sony baada ya kushinda kwa picha iliyotengenezwa hivyo hivyo, akitaka watu waujadili mkanganyiko huo.

Wako waliosema Afegbua na Macharia ni kitu kimoja, wote wanatunga, wote wanapamba wazee. Afegbua mwenyewe si mtu wa kubezwa, alizifanya wakati mama yake akiugua, na uchungu huo unaonekana. Ila wekeni picha zake kando ya Nyanye mzitazame kwa dakika tano. Nyanye, pamoja na makali yake yote ya patasi, walikuja asubuhi. Kuna mtu aliwapigia simu. Kuna aliyewasuka, akawaambia mama inua kidevu. Mmoja pengine alikataa vazi fulani. Kiuno kikauma, akaomba kiti, na ule mkao wa kifalme tunaousifia huenda ni kiti hicho. Uso wao uliisukuma njozi ya mpiga picha ikapinda kidogo, na hilo linaonekana, hasa mikononi. Wazee wa Afegbua hawana wa kusema hapana. Wamekaa vile walivyoagizwa. Kijana wa Likoni alichagua pazia lake, Alemayehu hakuulizwa, na hawa hakuna hata wa kuulizwa. Na sura zao zimetoka wapi? Zimekamuliwa kutoka mamilioni ya picha za watu halisi ambao hakuna aliyewapigia simu. Mtu anaweza kuzipenda, mie mwenyewe nimezitazama mara nyingi, lakini kuziita picha za sura ya mtu ni kulipa jina hilo kazi lisiloiweza.

Jambo la mwisho, nalo ni la watu wa pwani. Nimezunguka kote huko, Wight, Nairobi, Lagos, na nashangaa kwa nini wapiga picha wetu wakitaka njozi wanakwenda kuazima mabawa na theluji. Siwakatazi theluji. Lakini tuna Fumo Liyongo, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913, na ndani ya kisa hicho kuna picha ya sura iliyokwisha pangwa na inasubiri mtu wa kuipiga. Amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe mwenyewe. Anainuka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na anafia hapo hapo katika mkao huo. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji. Siku zinapita, wanamwogopa maiti.

Hebu niambieni, nyie mafundi: mtampigaje? Kwa mbali awe hai, kwa karibu amekufa, na picha ni moja. Taa ikimpiga usoni siri imetoka. Mie ningeiweka taa nyuma yake, chini, usawa wa maji, uso ubaki gizani, halafu kazi yote ya kompyuta iende kwenye mkono unaoshika upinde: ngozi iliyoanza kupoteza rangi, kidogo tu, kwenye kucha. Na mbele kabisa, upande wa watu wa mji, ndoo tupu.